Kipandauso: mjumbe wa neva, kipokezi chake, na dawa zinazowatenganisha

Mwezi uliopita niliandika hapa aya mbili tatu tu kuhusu dawa mpya za kipandauso, zile zinazozuia kemikali ndogo za neva ziitwazo niuropeptidi. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Mimi ni mfamasia, na kipandauso ninacho mwenyewe tangu nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo kila barua nimeisoma kama mtu wa duka la dawa na pia kama mtu aliyewahi kulala gizani na ndoo pembeni. Nimechagua zinazogusa wengi, na baadhi nimezifupisha.

Nilifundishwa, na mimi nafundisha, kwamba kipandauso hutokana na mishipa ya damu ya kichwani kutanuka. Wewe uliandika kwamba ni neva. Tushike lipi?
Mwalimu wa baiolojia, Korogwe

Mwalimu, ulichofundishwa ndicho nilichofundishwa na mimi, na kilitawala kwa miongo mingi. Kilikuwa na sababu zake. Mgonjwa anahisi kichwa kinadunda sawasawa na moyo, na dawa ya zamani ya egotamini, ambayo hubana mishipa ya damu, iliwapa watu nafuu. Ukiyaweka hayo mawili pamoja unapata maelezo yanayoridhisha, ila yanaacha mengi nje.

Nimependa siku zote kwamba neno letu lenyewe liko karibu zaidi na jambo hili. Kipandauso, kinachopanda usoni. Neva inayobeba hisia za uso, kuanzia paji, jicho na shavu hadi taya, ni neva ya tano ya kichwa, yenye matawi matatu; hapa nitaiita neva ya uso tu. Neva hiyohiyo ndiyo inayopeleka nyuzi zake kwenye utando unaofunika ubongo na kwenye mishipa ya damu ya utando huo. Ubongo wenyewe ukiguswa hauumi. Utando ndio unaouma. Mwaka 1979 Mmarekani Michael Moskowitz alipendekeza kwamba maumivu ya kipandauso yanaanzia pale neva hii inapokutana na mishipa ya damu, na kwamba nyuzi zake humwaga peptidi mahali hapo.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani protini ndogo. Neva inapoutumia mnyororo huo kupeleka ujumbe, ndipo tunapouita niuropeptidi. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani waliona kwamba jeni inayotengeneza kalsitonini, homoni ya tezi ya kooni, inaweza kusomwa kwa namna nyingine ndani ya neva na kutoa mnyororo tofauti kabisa, wenye asidi amino 37. Wakauita peptidi inayohusiana na jeni ya kalsitonini, na kifupi chake, CGRP, ndicho kilichoenea duniani. Miaka mitatu baadaye ikajulikana kwamba CGRP ni miongoni mwa vitanua mishipa vyenye nguvu kupita vyote mwilini. Kiasi kidogo mno kikidungwa kwenye ngozi huiacha nyekundu kwa saa kadhaa.

Hapo wangeweza kusema, basi, tumerudi kwenye mishipa ya damu. Lakini angalia yaliyofuata. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walichukua damu kwenye mshipa wa shingo wa watu waliokuwa katikati ya shambulio. Walipima peptidi kadhaa za neva. CGRP ilikuwa imepanda, wenzake hawakupanda. Mwaka 1993 wakaonyesha kwamba ukimpa mgonjwa sumatriptani, dawa ya kutuliza shambulio, maumivu yakashuka, na CGRP nayo hurudi kiwango chake cha kawaida. Mwaka 2002, Copenhagen, kundi la Jes Olesen likafanya kinyume chake: wenye kipandauso wakawekewa CGRP kwa dripu, na baadhi yao, saa kadhaa baadaye, wakapata shambulio linalofanana na la kwao la siku zote. Kwa hiyo tunayo peptidi inayopanda wakati wa ugonjwa, inayoshuka kwa tiba, na inayoamsha ugonjwa ikitiwa mwilini. Katika utafiti wa dawa ni nadra kupata yote matatu kwa pamoja.

Kuhusu kutanuka, mwaka uliofuata Wadenmaki walitoa jaribio ninalolipenda sana kulieleza. Waliwapa watu 12 wenye kipandauso dawa ya sildenafili, ile ya nguvu za kiume iitwayo Viagra. 10 wakapata shambulio, na walipoupima mshipa mkubwa wa kati wa ubongo haukuwa umetanuka. Mishipa inaweza kutanuka wakati wa kipandauso, lakini kutanuka si sharti la kichwa kuuma. Wafundishe hivyo wanafunzi wako, Mwalimu, na uwaambie pia kwamba Moskowitz, Goadsby, Edvinsson na Olesen walipewa pamoja Tuzo ya Ubongo ya Denmark mwaka 2021 kwa kazi hii.

Mume wangu asema najidekeza. Nimepimwa malaria hakuna, homa ya matumbo hakuna, hata picha ya kichwa ni safi. Hiyo CGRP yaweza kupimwa damuni ili aone kwa macho yake?
Mama wa watatu, Mombasa

Dada yangu, pole. Kwa matumizi ya kawaida kipimo hicho hakipo. CGRP haidumu kwenye damu, huvunjwa ndani ya dakika chache, na damu ya mkononi haisemi yale yanayosemwa na damu ya mshipa wa shingo. Kipandauso hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, na maelezo hayo ni ushahidi kamili wa kitabibu. Daktari anataka kusikia kwamba umeshapata mashambulio yasiyopungua 5, kila moja likidumu saa 4 hadi 72 usipotibiwa. Kisha anauliza maumivu yenyewe: yako upande mmoja? yanadunda? ni makali kiasi cha kukuzuia kazi? yanazidi ukipanda ngazi au ukiinuka? Mawili kati ya hayo yanatosha, yakiambatana na kichefuchefu, au na kuchukia mwanga na kelele kwa pamoja. Picha ya kichwa ya mtu mwenye kipandauso kwa kawaida ni safi, na usafi huo haumaanishi kwamba hakuna ugonjwa.

Mume wako msomee habari ya wale watu wa Copenhagen niliowataja hapo juu. Waliingia chumbani wazima, wakawekewa peptidi ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe, wakaumwa kama unavyoumwa wewe.

Ila kuna maumivu ya kichwa yasiyosubiri. Yakija ghafla mno, yakafika kilele ndani ya dakika moja, kuliko yote uliyowahi kupata. Yakija na homa na shingo kukakamaa. Yakija na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au degedege. Au yakianza kwa mara ya kwanza ukiwa umepita miaka 50, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Asalaam alaikum. Nafanya kazi Dubai na daktari hapa ameniandikia sindano ya Aimovig mara moja kwa mwezi. Naogopa kidogo. Inafanya nini mwilini? Na nikirudi Unguja likizo naweza kwenda nayo?
Mzanzibari aliye Ghuba

Waalaikum salaam. Hiyo ni erenumabu, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake kupata kibali Marekani, Mei 2018. Ndani yake kuna kingamwili, kama zile ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, isipokuwa hii imetengenezwa kiwandani kwa shabaha moja: inakaa juu ya kipokezi cha CGRP, mahali pale ambapo peptidi ingetua. Mjumbe anafika na kukuta kiti kina mtu.

Kingamwili ni molekuli kubwa, na sehemu ndogo sana tu ndiyo inayovuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Hilo halizuii kazi yake, kwa sababu fundo la neva ya uso, mahali seli zake zilipokusanyika, liko nje ya kizuizi hicho. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilifurahi sana. Maana yake kichwa kinaweza kutulizwa bila dawa kuugusa ubongo, na ndiyo sababu sindano hizi hazileti usingizi wala uzito wa akili ambao wengi tumeupata kwa dawa za zamani.

Matarajio yako yawe ya haki. Katika jaribio kubwa la watu 955, lililotolewa mwaka 2017, washiriki walikuwa na wastani wa siku 8.3 za kipandauso kwa mwezi. Waliopata miligramu 70 walipunguziwa siku 3.2, waliopata miligramu 140 siku 3.7, na waliodungwa dawa bandia 1.8. Nusu ya kundi la miligramu 140 walipungukiwa siku zao kwa asilimia 50 au zaidi. Wastani huo unaficha watu wa aina mbili: yupo aliyebadilishiwa maisha na yupo ambaye hakuona kitu. Jipe miezi 3 kabla ya kuamua uko upande gani, na uandike kila siku ya kichwa kwenye kalenda, maana kumbukumbu hutudanganya.

Dawa hii inaweza kufunga choo, wakati mwingine vibaya, kwa hiyo maji na mboga za majani zisikosekane, na choo kikikataa siku kadhaa mwambie daktari. Pima pia shinikizo la damu, linaweza kupanda. Kama umewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo hakikisha daktari anajua, kwa sababu CGRP huisaidia mishipa kufunguka pale damu inapopungua. Na kama wewe ni mwanamke unayepanga mtoto, sema mapema. Kingamwili hukaa mwilini muda mrefu. Ya kwako hupungua nusu kila siku 28 hivi, na madaktari wengi hushauri kuiacha miezi 5 au 6 kabla ya kushika mimba.

Kuhusu safari, mahali pake ni jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka inaweza kukaa siku 7 chini ya nyuzi 25, na wewe unajua Unguja nyuzi 25 ni usiku wa mwezi wa Julai. Ibebe kwenye kisanduku cha baridi mkononi, usiiweke kwenye mizigo, iwe na barua ya daktari, na isigusane na barafu. Ikiganda imeharibika. Ushauri wangu ni rahisi zaidi: choma sindano kabla ya kuondoka, kama likizo yako haizidi mwezi.

Shikamoo dada. Kama CGRP ilijulikana tangu 1982, kwa nini dawa zimekuja 2018? Na kwa nini nyingine zinashika kipokezi na nyingine zinashika peptidi yenyewe?
Mwanafunzi wa famasia, Dodoma

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ndilo lililonikalisha jioni nzima.

Jibu la kwanza ni kwamba watu walianza na peptidi isiyo sahihi. Kabla ya CGRP kulikuwa na dutu P, iliyogunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum. Ilikuwa inafahamika kwa maumivu, iko kwenye nyuzi zilezile za neva ya uso, na katika wanyama iliufanya utando wa ubongo uvuje maji na kuvimba. Kampuni zikatengeneza vizuizi vya kipokezi chake na kuvijaribu kwa wenye kipandauso katika miaka ya 1990. Havikusaidia. Mmoja wa ukoo huo, aprepitanti, leo unampa mgonjwa wa saratani ili asitapike, na anaifanya kazi hiyo vizuri. Goadsby na Edvinsson walikuwa wamepima dutu P katika ile damu ya shingo ya mwaka 1990, na haikuwa imepanda. Jibu lilikuwa limeshaandikwa.

La pili ni kipokezi chenyewe. Kilisumbua kwa miaka kwa sababu si protini moja. Mwaka 1998 ndipo ilipoeleweka kwamba protini inayofanana na kipokezi cha kalsitonini haipokei CGRP mpaka ipate mwenza mdogo anayeitwa RAMP1. Kinu bila mchi hakitwangi. Mpe mwenza mwingine, RAMP2, kinu kilekile kinakuwa kipokezi cha peptidi nyingine kabisa, adrenomedulini. Na RAMP1 akienda kuungana na kipokezi cha kalsitonini chenyewe, wanafanya kipokezi cha peptidi iitwayo amilini, ambacho CGRP nayo inakitumia vizuri. Shika hilo la mwisho, nitalirudia chini.

La tatu ni kemia. Kizuizi cha kwanza cha kipokezi cha CGRP, olsejepanti, kilifanya kazi waziwazi katika jaribio la mwaka 2004: asilimia 66 ya waliopewa walipata nafuu ndani ya saa 2, dhidi ya 27 wa dawa bandia. Lakini hakikufaa kuwa kidonge, kilikuwa cha mshipani tu, na nani ataweka dripu kila kichwa kinapouma? Kikafuata telkajepanti, kidonge kizuri, kikaingia majaribio makubwa, kisha vimeng'enya vya ini vikapanda kwa baadhi ya waliokimeza kila siku. Mwaka 2011 kikaachwa. Watu wengi wangeliacha na wazo lenyewe. Waliobaki wakagawanyika njia mbili. Kuna waliotafuta jepanti (ndilo jina la ukoo huu wa vizuizi vya kipokezi) zisizogusa ini, na tukapata ubrojepanti Desemba 2019, rimejepanti Februari 2020, atojepanti 2021 na zavejepanti ya kupuliza puani 2023. Wengine wakaikimbia kabisa hatari ya ini kwa kutumia kingamwili, kwa kuwa kingamwili huvunjwavunjwa na seli kama protini nyingine yoyote.

Sasa kipokezi au peptidi. Erenumabu peke yake ndiyo inayokaa kwenye kipokezi. Fremanezumabu, galkanezumabu na eptinezumabu huidaka CGRP yenyewe kabla haijafika popote. Kwa wastani wa majaribio huwezi kumtofautisha mshindi. Lakini kwa hesabu ya vipokezi si kitu kimoja: ukikifunga kipokezi cha CGRP, peptidi bado inaweza kwenda kwenye kile cha amilini, ukiidaka peptidi, haifiki kwa yeyote kati yao. Mtihani wako ukiuliza tofauti na triptani, kumbuka kwamba triptani, ukoo wa sumatriptani, hufanya kazi kupitia vipokezi vya serotonini, huzuia neva isimwage CGRP na wakati huohuo hubana mishipa ya damu, ndiyo maana hatumpi mwenye ugonjwa wa moyo. Jepanti hazibani mishipa.

Mama mkwe anikataza pilipili, asema yaamsha kichwa. Kuna ukweli?
Msomaji, Pemba

Chembe ya ukweli ipo. Ukali wa pilipili hufungua mlango fulani kwenye ncha za neva za maumivu, na neva hizo zikifunguliwa humwaga CGRP. Watafiti hutumia pilipili hivyo hivyo maabara. Lakini pilipili ya kwenye urojo kutua tumboni si sawa na pilipili kupakwa kwenye neva. Usiiache kwa hofu tu. Angalia kalenda yako kama kichwa kinaifuata kweli. Wengi wetu tunaamshwa zaidi na kulala vibaya na kukaa na njaa. Siku za kwanza za Ramadhani huja na vyote viwili, pamoja na kukosa kahawa ghafla. Ipunguze kahawa taratibu wiki moja kabla, na daku usiiache.

Mimi ni fundi cherehani. Nameza vidonge vya maumivu vyenye kafeini karibu kila siku, viwili asubuhi, viwili jioni. Zamani vilinisaidia, sasa kichwa kinarudi kabla ya kumaliza kazi. Niongeze?
Fundi, Mwanza

Usiongeze, kaka. Umefika mahali ambapo dawa yenyewe imeshakuwa chanzo. Ukimeza dawa za mchanganyiko kama hizo, au triptani, siku 10 au zaidi kwa mwezi, au parasetamoli na ibuprofeni za kawaida siku 15 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi 3, kichwa kinaanza kuuma kwa sababu ya dawa. Mfumo wa neva unakuwa mwepesi wa kuamka.

Nasema haya kwa uchungu, maana sisi wa madukani tunawauzia bila kuuliza. Mteja anakuja mara ya nne kwa wiki, tunamkatia karatasi ya vidonge, anaondoka. Nimefanya hivyo na mimi nilipoanza kazi.

Nenda kwa daktari umweleze hesabu yako yote, ni siku ngapi na vidonge vingapi. Mara nyingi atakuachisha dawa hizo na kukuanzishia ya kinga kwa wakati mmoja. Wiki mbili za mwanzo zitakuwa ngumu, kichwa kitauma kuliko sasa, kwa hiyo chagua kipindi ambacho huna nguo za harusi za kumaliza.

Nimesoma bei ya sindano hizi nikafunga simu. Sisi wa kawaida tunabaki na nini?
Mkulima, Nakuru

Bei iliyotangazwa Marekani mwaka 2018 ilikuwa dola 6,900 kwa mwaka. Najua gunia la viazi linauzwa kiasi gani, na sitakuambia uwe na subira. Lakini tulicho nacho si kidogo, tatizo tunakitumia vibaya.

Kwanza, wakati. Wengi tunasubiri mpaka kichwa kiwe kikali ndipo tumeze. Wakati huo neva zimeshamwaga peptidi zao, njia za maumivu hadi ndani ya ubongo zimeshaamka, na tumbo limelala, halipitishi kidonge. Meza ndani ya saa ya kwanza, na dozi kamili: ibuprofeni miligramu 400, au aspirini 900, kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mimba. Kidonge kimoja cha aspirini 300 ni kulidanganya shambulio. (Na kama kuna mlipuko wa dengi mtaani nawe una homa, aspirini na ibuprofeni ziache, tumia parasetamoli.) Metoklopramidi ikiongezwa na daktari huzuia kutapika na huliamsha tumbo ili dawa ipite.

Pili, sumatriptani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Hataza yake iliisha zamani, viwanda vingi vinaitengeneza. Ulizia hospitali, na wakisema hawana, waombe waagize. Dawa isiyoulizwa haiagizwi. Isitumiwe na mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa.

Tatu, kinga ya kila siku kama unapata siku 4 au zaidi kwa mwezi. Propranololi ya presha ni ya bei nafuu na ina ushahidi wa miaka mingi, ila mwenye pumu asiiguse. Amitriptilini kidogo usiku inamfaa asiyelala vizuri. Hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kipandauso, na zinahitaji wiki 8 hivi kujionyesha. Nimeona watu wengi wakiziacha wiki ya pili wakisema hazifanyi kazi.

Chama cha Maumivu ya Kichwa cha Marekani kilisema mwaka 2024 kwamba dawa za CGRP ziwe chaguo la kwanza la kinga, mgonjwa asilazimishwe kupitia zile za zamani kwanza. Kitabibu nakubaliana nao. Kwetu uamuzi huo unasubiri bei.

Kabla kichwa hakijaanza naona vimulimuli na mstari wa meno ya msumeno, dakika 20 hivi, kisha vinapotea. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Kuna shida?
Morogoro

Ipo, na nimefurahi umeuliza. Unachokiona kinaitwa aura: wimbi la umeme linalotambaa taratibu juu ya gamba la ubongo. Mwanamke mwenye aura ana hatari ya kiharusi iliyozidi kidogo, na vidonge vyenye estrojeni huikuza. Shirika la Afya Duniani linasema vidonge vya mchanganyiko visitumiwe na mwenye aura, awe na umri wowote. Nenda kliniki wiki hii, na usiache kidonge kabla hujapewa mbadala. Kijiti, kitanzi na vidonge visivyo na estrojeni vipo. Na siku ukiwa mjamzito, kichwa kipya baada ya wiki ya 20 usikiite kipandauso mpaka presha ipimwe. Dalili ya kifafa cha mimba huanza hivyohivyo, na vimulimuli vikiwemo.

Dada yangu yuko Toronto. Amechoma erenumabu miezi 6, hakuna nafuu. Anaona aibu, kana kwamba kosa ni lake. Je, kuna peptidi nyingine?
Arusha

Ipo, na aibu hiyo aiweke chini leo. CGRP ni mjumbe mmoja tu, hajawahi kuwa peke yake.

Anayefuatiliwa zaidi sasa anaitwa PACAP. Aligunduliwa mwaka 1989 katika ubongo wa kondoo, kwenye maabara ya Akira Arimura, na umbo lake kubwa lina asidi amino 38. Anaishi kwenye njia zilezile za neva ya uso. Mwaka 2009 Wadenmaki walimweka mjumbe huyu kwa dripu kwa watu 12 wenye kipandauso, na 7 wakapata shambulio. Ana vipokezi vitatu. Jaribio la kwanza la kukifunga kimoja, PAC1, kwa kingamwili halikuzaa matunda, na nakumbuka wengi wakasema PACAP imekwisha. Kisha watafiti wengine wakaacha vipokezi, wakamdaka mjumbe mwenyewe. Matokeo yalitoka 2024: watu 237 ambao dawa za kinga mbili hadi nne zilikuwa zimewashinda, dripu moja tu. Katika wiki 4 waliopata dozi kubwa walipungukiwa siku 6.2 za kipandauso, wa dawa bandia 4.2. Tofauti ya siku 2 si muujiza, lakini ni kwa watu walioshindikana, na inadokeza kwamba mlango huu ni tofauti na ule wa CGRP. Dawa hiyo bado haijafika sokoni.

Kwa sasa ipo hatua ya karibu zaidi. Rudi kwenye nilichomwambia mwanafunzi wa Dodoma: erenumabu inafunga kipokezi kimoja, na CGRP inabaki huru kwenda kwenye kile cha amilini. Mwambie dada aende na kalenda yake ya miezi hiyo 6 kwa daktari, amuulize kuhusu kuhamia kwenye sindano inayoidaka peptidi yenyewe, fremanezumabu au galkanezumabu. Si wote wanaobadilisha wanapona, lakini wapo ambao ya kwanza iliwakataa na ya pili ikawakubali.